Msemaji Mkuu wa Akiba

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Programu ya kongamano la takwimu imetoka. Wasemaji wakuu watatu, wote maprofesa wenye majina. Mimi simo! Nimefundisha takwimu miaka kumi na tisa, na jina langu liko ukurasa wa mwisho: "Usafiri: Nzioka." Dkt. Veronicah, ninayegawana naye ofisi, amepewa kusimamia ukumbi. Alinipa pole. Pole ya mtu anayefurahi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimepata! Kesho namchukua Profesa Ravneet, mmoja wa wale watatu, kwa dada yake Spring Valley, afungue kongamano mjini saa tatu. Akichelewa, atatafutwa mtu mwenye hotuba tayari. Ninayo. Slaidi sitini na nne. Mke wangu Peres aliuliza kwa nini dereva anapiga pasi tai. Nikamjibu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumatano, 13 Agosti
Spring Valley hadi mjini ni dakika ishirini. Nikapitia Mutuini, upande mwingine kabisa. Nilidai barabara imefungwa. Huko mama mmoja, Wanjira, alikuwa akiuza avokado kwenye lango la shamba lake. Profesa akaomba tusimame. Akamuuliza anajuaje zimekomaa bila kuzikata.

"Unatingisha tano tu, mum. Mbegu zikicheza, gunia yote iko sawa."

Profesa alicheka hadi akaketi kwenye kreti. Saa tatu na nusu! Mpango ulikuwa unakwenda vizuri ajabu.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba na mimi niko Mutuini.

Simu ikalia. Mwenyekiti wetu, Profesa Mbugua, akasema tusijisumbue. Veronicah alikuwa amejaza nafasi, ukumbi mzima umesimama kumpigia makofi, na mgeni atazungumza kesho. Na Veronicah hakutumia slaidi hata moja!

Alhamisi, 14 Agosti
Profesa Ravneet alianza hotuba yake na gunia la Wanjira. Alisema amefundisha sampuli miaka thelathini na hajawahi kuieleza kwa ufupi hivyo. Kisha akamshukuru Bwana Nzioka, aliyepotea njia kwa ustadi mkubwa. Watu mia nne wakageuka! Nikasimama. Nikainama. Nikainama tena upande wa pili. Veronicah naye alipiga makofi, na wakati wa chai akanipa sambusa yake. Si mtu mbaya, nikitazama vizuri. Nyumbani, mtaa wa Satellite, nilimsimulia Peres yote. Yeye alitaka tu kujua avokado ziko wapi. Tulikula mbili nilizonunua kwa Wanjira, na githeri. Nalala na raha ambayo sijaipata mwaka huu.

Ijumaa, 15 Agosti
Mwenyekiti aliuliza nani atamleta Profesa Faizan kesho, afunge kongamano. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Nimepunguza slaidi, zimebaki hamsini na nane. Nimepiga pasi tai ya bluu. Kosa la Jumatano nimelichambua kitaalamu na nimeliona: Mutuini ni karibu mno.

Kesho nampitishia Ngong.