Mpokea Malalamiko wa Zahanati

Jumanne, 6 Februari 1979

Nimechaguliwa. Mkutano wa kijiji umenipa kazi ya kupokea malalamiko ya wagonjwa wa zahanati yetu. Agizo limetoka wilayani: kila zahanati iwe na mtu wa kuwasikiliza wasioridhika, kisha Bwana Afya atapita Alhamisi ya wiki ijayo kusikia walichosema. Bigirimana, balozi wa nyumba kumi za bondeni, naye aliitaka. Akauambia mkutano kwamba ana masikio mazuri. Mimi nikasema nitakuja na kiti changu mwenyewe. Nikashinda.

Nia yangu naiandika humu tu. Bwana Afya akikuta malalamiko mazito, yaliyopangwa vizuri, atauliza ni kazi ya nani. Wilayani kuna kamati. Ndugu Idefonsi katika kamati ya wilaya: naona linasikika vizuri. Lakini pia nataka kujua, kwa kweli kabisa. Watu wanatoka pale wameshika makalio, wamenuna, na hawasemi kitu. Wana nini moyoni?

Alhamisi, 8 Februari

Nimeshinda barazani pa zahanati. Hakuna aliyelalamika. Nikaanza kuwauliza wenyewe. Mzee mmoja wa upande wa Ntobeye alisubiri tangu alfajiri, akaambiwa klorokwini hakuna, zimekwenda kwa wanajeshi. Nikampa shikamoo, nikamwuliza lalamiko lake. Akasema anashukuru. Anashukuru nini? Akafikiri sana. Anashukuru kwa kuambiwa.

Luhende ndiye aliyenifafanulia. Ni Msukuma, amehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, na hana tabia ya kuzunguka maneno.

"Ndugu Idefonsi," akasema, "wewe ungemsema mtu aliyeshika sindano, na suruali umeshaishusha?"

Nikabeba kiti changu, nikaondoka na swali lake. Nimelifikiria njia nzima.

Ijumaa, 9 Februari

Mbinu mpya. Nimejifanya mgonjwa ili nione mwenyewe mtu anavyotendewa. Muuguzi wetu ni Eustakia. Yuko peke yake siku hizi, mganga wa zahanati amechukuliwa kwenda vitani. Nikamwambia nina homa. Akanishika paji la uso, akasema sina. Nikatetemeka kidogo. Akasema sina. Nikatetemeka zaidi, nikazungusha na macho. Akasema basi, kama ni hivyo, ni sindano.

Nilikuwa nimeandaa maswali makali. Yote yalinitoka. Nilisema asante kabla hajachoma.

Luhende yuko sahihi. Naandika haya nimesimama.

Jumapili, 11 Februari

Baada ya misa Febronia, mke wangu, aliniuliza kwa nini nawauliza wanaume tu. Nikasema ndio wanaokaa barazani. Akasema ndiyo hiyo shida yenyewe.

Habari ni hii. Chumba cha kujifungulia hakina mlango. Nilikwisha kuona kitenge kimetundikwa pale, nikadhani wanapitisha hewa. Kumbe mlango uling'olewa Novemba, vita ilipoanza na kijiji kikachanga maharage ya wanajeshi. Ulipelekwa ofisi ya kijiji ili maharage yafungiwe. Maharage yalikwenda zamani. Mlango ukabaki. Sasa upepo ukivuma kitenge kinapepea, na wanaume wenye malaria barazani wanaona kila kitu.

Nikamwuliza mbona hawakuudai.

"Nani atadai mlango, Baba Secilia, wakati watoto wa watu wako vitani?"

Kwa hiyo wanawake wengine wanajifungulia nyumbani. Esperansia, jirani yetu, karibu afe kabla ya Krismasi. Alivuja damu jikoni kwake, na mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwepo. Sisi wanaume tuliambiwa ni malaria. Mimi mwenyewe nilimpelekea ndizi, nikamwambia apumzike.

Haya ni makubwa. Nilikaa karibu na jiko lile nisijue lolote.

Halafu nikaona: hili ndilo lalamiko. La kweli, zito, na lina vita ndani yake. Bwana Afya atakaa wima.

Jumatatu, 12 Februari

Nimemwuliza Eustakia kama alijua. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama anajua jina lake. Alikwisha kumweleza mganga. Alikwisha kumweleza dereva wa lori la dawa. Kote aliambiwa avumilie. Akaniuliza kama agizo linamruhusu na mfanyakazi kulalamika. Sikumbuki likisema hivyo. Ajabu, hakuna aliyelifikiria.

Kisha nikaenda kwa Mwenyekiti Novatus. Nilijiandaa kwa ubishi mkubwa. Akasema, "Ule mlango? Uchukueni hata leo. Nilidhani mlishapata mwingine."

Hapo nikaingia mashakani. Mlango ukirudi leo, Alhamisi Bwana Afya atakuta nini? Chumba kina mlango, wanawake wanacheka, na mimi sina la kusema. Nikamwomba Mwenyekiti aukalie kwanza. Hakuelewa. Nikamwambia ni utaratibu. Neno hilo analiheshimu.

Nimewaomba na wanawake wavute subira mpaka Alhamisi. Febronia aliuliza kama Limi, mke wa Luhende, ambaye siku zake zimekaribia, naye avute subira. Nikasema kama ataweza.

Chakula kililetwa kimepoa.

Alhamisi, 15 Februari

Bwana Afya hakuja. Gari lake limechukuliwa na jeshi. Kuna salamu kwamba atakuja Jumamosi kwa baiskeli. Lalamiko bado lipo, halijaguswa.

Jumamosi, 17 Februari

Limi alishikwa na uchungu asubuhi. Luhende akamleta zahanati. Alipofika barazani akawaona wanaume wamejaa, na Bigirimana mbele yao na jipu lake. Akageuka arudi nyumbani. Luhende akamsihi. Limi akasema heri kichakani.

Febronia alisikia. Hakupiga kelele. Aliwakusanya wanawake, wakapanda mpaka ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa uwanjani na mgambo. Wakaung'oa mlango na bawaba zake, wakajitwisha. Nilikutana nao njiani. Nikainua mkono, nikawakumbusha kwamba mgeni anafika mchana huu huu, ni saa chache tu.

"Baba Secilia," akasema Febronia, "shika pembe au pisha."

Nikashika pembe. Ni mninga, mzito kweli.

Luhende alipigilia bawaba kwa jiwe. Limi akaingia, mlango ukafungwa. Nilisimama nje nikitega sikio na sikusikia kitu. Nikaelewa kazi ya mlango.

Mtoto ni wa kike. Lakini damu ilikataa kukoma, na Eustakia alikuwa na sindano moja tu ya kuizuia. Akamchoma, damu ikakoma. Alipotoka alikaa kwenye ngazi akanawa mikono polepole. Akasema kama Limi angekuwa nyumbani. Hakumaliza. Luhende alitazama chini, kisha akanitazama mimi. Ningependa kuandika kwamba nami nilimtazama.

Ndipo Bwana Afya akatokea na baiskeli yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimekariri hotuba. Nikaanza: chumba hiki, ndugu, hakina mlango. Akautazama mlango. Akaniuliza ni chumba kipi. Nikasema hiki. Akausukuma, ukalia, akaurudisha.

Akawageukia wanawake, akauliza kama wana lalamiko. Watu wale wale ambao sikuwapata kwa siku zote hizi, wakasema wote kwa pamoja. Walisema kuhusu mlango, kuhusu Esperansia, kuhusu Eustakia kuachwa peke yake. Alisikiliza, akauliza maswali, akasikiliza tena. Hata Eustakia akasema. Kisha Febronia akasema wanalo na lingine: mpokea malalamiko alijua na akawaambia wasubiri.

Bwana Afya alijikuna. Mengine atayapeleka wilayani mwenyewe. Hilo la mwisho, kwa mujibu wa agizo, lazima lianzie kwa mpokea malalamiko.

Nikalipokea. Nikawaambia linashughulikiwa, wavute subira.

Jumanne, 20 Februari

Mkutano wa kijiji umeniondoa. Kazi amepewa Febronia. Bigirimana alipiga makofi mpaka jipu likamuuma. Leo watu wamejipanga nyumbani kwetu tangu asubuhi, hata wanaume, hata yule mzee wa Ntobeye. Nimemwuliza Febronia wanasema nini. Amesema nipite nyuma ya nyumba.

Nimechunguza kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Nilifanya kila kitu vizuri, ila wagonjwa wana midomo.

Jioni nimepita kwenye josho. Luhende hanisemeshi bado, lakini nimeona mwenyewe: dawa ya kuogeshea ni maji matupu, na ng'ombe wanatoka na kupe wao wote. Hapo hakuna mpokea malalamiko. Kesho naenda kwa Mwenyekiti kuomba nafasi. Bwana Mifugo akija, ng'ombe hawatamwendea moja kwa moja.