Athanasie na Nguzo ya Mawe ya Nyamitaba

Sogeeni, enyi watu wa Masisi na Walikale, mliolima mkakimbia, mkarudi mkalima palepale! Tueni mizigo, niwasimulie vita ambavyo hakuna aliyekufa ndani yake: vita vya Mwalimu Athanasie, simba jike wa fizikia, na kilima kinene kilichokataa kukonda.

Kilima hicho kilikuwa mchoro kwenye kompyuta. Kilichorwa na kipima-sumaku, chenye kichupa cha kioo ambamo atomu huzunguka kama pia, zikinyatia kitu kisichoonekana ambacho wataalamu wanadhani kimejaa mbinguni na ardhini. Lakini kwanza kifaa kisawazishwe, mpaka kilima kiwe chembamba kama sindano. Papa Honoré, mkuu wa utafiti, alikwisha kusema: kisipokuwa hivyo kabla ya adhuhuri, anakirudisha kifaa Goma, kwani risasi zililia upande wa Kashuga na barabara ilikuwa karibu kufungwa. Athanasie alikuwa amekiomba kifaa hicho tangu ujana wake.

Akatangaza vita juu ya chuma, mvurugaji wa sumaku. Mapanga yakahamishwa ng'ambo ya bonde, majembe yakafuata, mabati ya choo yakang'olewa. Hata askari wa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, jabali la mapigano, akaombwa kwa adabu aondoke na bunduki yake, akaondoka akinung'unika. Kilima kikabaki kinene vilevile.

Ndipo macho yake yakashuka kwenye nguzo iliyobeba kifaa. Lo, masikini! Aliiagiza mwenyewe, ya mawe ya volkano yaliyopandishwa kwa migongo ya watu kutoka Sake, kwa kuwa huku kitu cha heshima hakikai juu ya udongo. Na jiwe la volkano lina chuma tumboni. Alilifundisha hilo darasani kila mwaka. Akaona haya mpaka masikioni, kisha akacheka hadi akakaa chini.

Akakimbilia kwa jirani yake, Kaswera mwenye duka, akasimama mlangoni kama jemadari.

"Mama Kaswera, leo kinu yako haitatwanga sombe. Itabeba ulimwengu."

"Ibebe, dada," akajibu Kaswera. "Lakini magaribi watoto yangu hawatakula ulimwengu."

Kinu cha mti kikapinduliwa majanini, mbali na nguzo, kifaa kikapandishwa juu yake. Kilima kikakonda, kikakonda, kikawa sindano. Papa Honoré, aliyekwisha kushika kamba ya kufungia sanduku, akaitupa migombani.

"Athanasie, kifaa iko inabaki," akasema. "Mimi njo ninaenda." Akashika njia ya Goma peke yake.

Basi na iandikwe katika tarehe za dunia: siku ambayo majeshi yalipigana bila mshindi, Nyamitaba ilishinda, na jioni nyumba ya Kaswera ikala sombe isiyotwangwa, majani mazima ya muhogo, ikitafuna kwa subira.