Mpelelezi Bandia wa Mjomba

Jumatatu, 4 Agosti
Tovuti ya ghala la vitambaa imegoma! Dada yangu, fundi cherehani, anatakiwa kushona majoho ya mahafali ya wiki ijayo. Kitambaa cheusi hana hata kipande. Kitufe cha kutuma oda ukikibonyeza kinakutazama tu. Analia kwamba shule ikikosa majoho haitampa kazi tena. Nikamwambia atulie. Mimi niliwahi kufufua redio kwa kijiko! Shemeji, mume wake, akauliza mbona redio ile ilishika moto. Wivu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimempigia mpwa wangu, binti wa dada, anayesomea kompyuta mjini. Kumbe ndiye aliyeweka kwenye kompyuta yetu kizuia skripti, zile programu ndogo za kurasa za mtandao; kinafukuza wapelelezi wa matangazo wanaotufuatilia. Sasa ukurasa unamsubiri mpelelezi aliyefukuzwa. Asipokuja, haufanyi kazi. Dawa: skripti mbadala. Yaani mpelelezi bandia, kazi yake kuitika "nipo" tu, ukurasa uridhike uendelee. Akanitumia mistari ya kunakili. Akasisitiza: mjomba, tafadhali, usiongeze kitu.
Nimeongeza kitu. Anayeitika "nipo" tu ni mvivu. Wangu, ukibonyeza kitufe, anasema: "oda imepokelewa, bosi." Dada akabonyeza. Ikajibu! Akapiga vigelegele. Shemeji kanywea.

Alhamisi, 7 Agosti
Kitambaa hakijafika. Nimepiga simu ghalani kuwafokea. Mwenye ghala akasema hajaona oda yoyote. Nikamwambia tumejibiwa. Akauliza, na nani? Hapo nikakohoa.
Sielewi. Nani basi aliniita bosi?
Shemeji kila nikipita anaitika "nipo!" Dada kanipa mgongo. Anafuta vumbi kwenye cherehani isiyo na vumbi.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpwa kaja na basi la asubuhi. Kasoma kazi yangu, kashika kichwa. Akasema: mjomba, umejijibu mwenyewe, oda haikutoka humu chumbani. Akafuta mstari wangu, akaacha yake, akabonyeza. Alasiri kitambaa kikaletwa! Dada anakata, mpwa anapima, shemeji anapiga pasi. Mimi nimepewa kazi ya kutogusa kitu. Nimeifanya vizuri sana.

Jumatatu, 18 Agosti
Mahafali yamepita, majoho yamependeza, shule imempa dada kazi ya mwakani. Mwalimu mkuu alimshukuru yeye na mpwa. Mimi hakunitaja. Muda ulimbana, nadhani.
Nimetafakari na kosa nimeliona: niliandika kwa herufi ndogo. Nani atamheshimu bosi wa herufi ndogo?
Bahati nzuri jirani mwenye saluni alikwama kwenye tovuti ya ukumbi, anatafuta nafasi ya harusi ya binti yake. Nikamwekea mpelelezi wangu. Akabonyeza: "UKUMBI NI WAKO, BOSI!" Akanikumbatia, akagawa kadi mtaa mzima. Leo kaenda na wapambaji kuukagua.
Ananipigia tangu saa nne, simu yangu haipumui. Watu wengine wana shukrani mpaka kero.