Nilipokuwa na Miaka 651

Jumatatu, 3 Novemba
Nimekabidhiwa sajili ya wazee wa Wiyoni wenye mtoto wa jicho. Namshukuru Mungu, na kozi ya kompyuta niliyoisoma baada ya kustaafu ualimu. Madaktari wanakuja Jumamosi. Waombaji ishirini, nafasi kumi na mbili za upasuaji, mkubwa kwa umri kwanza. Nawajua wote, nimehesabu mara tatu. Mimi ni wa kumi na tatu. Wa kumi na mbili ni Kamaludin, mshona kofia, jirani yangu na mpinzani wangu tangu tulipokuwa chuoni tukisoma juzuu. Jicho langu la kulia linaona maziwa matupu.

Maelezo mafupi kwa atakayesoma. Katika hifadhidata kila safu ina aina yake: maandishi, nambari, tarehe. Safu ya siku za kuzaliwa nimeiweka kama maandishi, maana wazee hutaja wapendavyo. Baadaye nitaiamuru kompyuta iyageuze maandishi yawe tarehe, kisha ipange majina kuanzia tarehe ya kale zaidi. Kompyuta haiulizi mwenye maandishi alikusudia nini. Hugeuza tu.

Hapo nikapata wazo. Tarehe yangu nitaiandika ya Hijria, Rajabu 1374, kama marehemu baba alivyoiandika nyuma ya msahafu. Si uongo. Kompyuta itaisoma kwa kalenda ya miladi, nami nitakuwa na miaka 651. Orodha inatoa majina bila umri. Alhamdulillahi kwa elimu.

Jumanne, 4 Novemba
Leo waombaji wamekuja kuandikisha tarehe zao. Nilitarajia vitambulisho. Kamaludin alitangulia, na msahafu wa babake umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikamwambia kitambulisho kinatosha, Bwana. Akajibu kwamba kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari, pamoja na mkewe na shemeji zake wote, na kwamba yeye alizaliwa na mamake, si na karani. Baraza zima likacheka. Wengine wakarudi nyumbani kuchukua misahafu. Bi Nana alileta miwili, ili nichague.

Wote Hijria. Mwenye kitambulisho ni mmoja tu, Mzee Phineas, seremala aliyehamia hapa kutoka bara zamani: 1941.

Nikaendesha ulizo, ile amri ya kugeuza na kupanga. Watu kumi na tisa wana zaidi ya miaka mia sita. Phineas, mkubwa wetu sote, ana themanini na minne, kwa hiyo ni wa mwisho. Mimi nimepanda hadi wa kumi na mbili. Yaani nimeingia, kwa nafasi yake. Nilishukuru, lakini kwa sauti ndogo.

Jumatano, 5 Novemba
Phineas amekuja kunishukuru kwa kazi ya sajili. Aliipapasa nguzo ya mlango kabla ya kuingia. Ameniletea kigoda alichokitengeneza mwenyewe. Mguu mmoja mfupi. Kidole chake gumba kimefungwa kitambaa, kwa kuwa msumeno ulipita asipopaona. Alisema akipata jicho moja tu atanirekebishia ule mguu.

Nimekikalia kigoda hicho asubuhi yote, nikiyumba.

Baada ya adhuhuri nimeliandika ulizo upya. Mwaka ukiwa chini ya 1500, kompyuta iuhesabu kuwa wa Hijria, iugeuze kwanza kuwa wa miladi, kisha ndipo ipange. Kazi nzuri sana, nasema mwenyewe. Phineas wa kwanza. Kamaludin wa kumi na mbili. Mimi wa kumi na tatu, na dhamiri safi.

Alhamisi, 6 Novemba
Dhamiri safi haioni mbali. Nimefikiri tena.

Maandishi yasiyogeuzika kuwa tarehe hayaleti umri wowote. Huacha nafasi tupu. Na programu yetu, ikipanga, huweka matupu mwanzo kabisa. Basi nimeifuta tarehe yangu nikaandika: "Ijumaa moja ya Rajabu, mvua ikinyesha." Kweli tupu, mama alinisimulia. Nikaendesha. Mimi wa kwanza, juu ya Phineas. Naye hakudhulumiwa, yuko wa pili.

Kamaludin ameshuka hadi wa kumi na tatu. Nilihuzunika kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

Ijumaa, 7 Novemba
Kerubo, muuguzi wa hao madaktari, hakuitaka orodha yangu. Alichukua sajili yenyewe, tarehe zikiwa zimekwisha kugeuzwa kuwa za miladi, akaiingiza kwenye mfumo wao. Mfumo wao humtupa kila asiye na tarehe. Orodha imebandikwa baada ya swala: Phineas wa kwanza, Kamaludin wa kumi na mbili, mimi sipo popote. Kamaludin aliisoma akiwa ameigusa kwa pua, mara mbili, kisha akaniuliza siku yangu ya kuzaliwa imekwenda wapi. Nikasema mashine zina mambo. Akasema mashine zina mambo, na walimu pia.

Jumamosi, 8 Novemba
Nilibaki nyumbani. Saa nne simu ikalia. Kisa chake nilisimuliwa baadaye. Bwanamkuu, mvuvi wa Mkokoni, aliyejiandikisha kwetu kwa kuwa bintiye anaishi hapa, hakufika. Ameagiza kwamba jicho litangoja, kambamawe hawangoji. Kerubo, aliyekwisha kuwasomea mstari wangu wa mvua, akawauliza waliokaa kwenye benchi ni nani anayefuata kwa umri. Kamaludin akasimama akasema ni Mwalimu Bakr, amezaliwa miaka miwili baada yake, na mamake Kamaludin ndiye aliyempokea kwa mikono yake, Ijumaa, mvua ikinyesha. Kisha akaishika simu mwenyewe: "Yeo ni zamu yako, Mwalimu. Lete mato, na lile shairi lako la mvua uliwate nyumbani."

Shairi nililiacha, macho nikayapeleka karibu kwa mbio.

Jumatatu, 10 Novemba
Bandeji imeondolewa jana. Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni uso wa Kamaludin. Amezeeka vibaya mno, nami nimempenda kuliko ndugu. Phineas amekuja na msumeno, na kigoda sasa hakiyumbi. Nimewashukuru wote wawili, nikamshukuru Kerubo, nikaapa kwamba sitacheza tena na tarehe za watu.

Kerubo ameniomba sajili nyingine. Mwezi ujao anakuja daktari wa meno. Ni kwa watoto, mdogo kwanza.

Gego langu la kushoto linauma tangu Ramadhani.

Maelezo mafupi. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu mbili, kompyuta hujikisia karne. Nimejaribu mwaka wangu wa miladi, 1955: 55 imegeuka kuwa 2055. Kwa hesabu hiyo bado sijazaliwa, na hakuna mtoto atakayenishinda kwa udogo. Na tarehe za watu sijazigusa. Hii ni yangu.

Namshukuru Mungu kwa jicho hili. Vitufe vyote navisoma bila miwani.