Pezi la Papa wa Baba

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Bi Daktari kafika. Daktari wa samaki, si wa watu. Kapewa ukumbi wetu wa papa aupange upya kabla ya ufunguzi wa Jumamosi. Mimi ndiye fundi wa sanamu wa jumba hili la makumbusho. Kabla yangu alikuwa Baba. Hakuna aliyewahi kutupangia!

Kasema papa wote wana koo kuu mbili, na atawaning'iniza kwa koo zao. Kulia, wenye kipezi kidogo chini ya tumbo, karibu na mkia. (Kina jina lake kitabuni. Siliandiki. Mama anaweza kuisoma shajara hii.) Kushoto, ukoo ambao wengi wao walikipoteza kipezi hicho zamani za kale na hawakukitafuta tena. Halafu akainua macho kumtazama papa wa Baba, juu ya mlango. Miiba miwili mgongoni, madoa meupe ubavuni: wa kushoto. Kipezi chini: wa kulia. Akasema papa wa namna hiyo hajawahi kuzaliwa. Ashushwe, apelekwe stoo.

Stoo! Stoo inavuja. Plasta ikilowa ni uji. Na Jumamosi Mama anakuja kumwona papa wa mumewe. Nimeshamwambia atakuwa katikati ya ukumbi, na taa yake peke yake.

Baba alimtengeneza nikiwa mdogo. Nakumbuka harufu ya plasta mbichi, redio juu ya kabati, na Baba akipiga mluzi huku brashi iko mdomoni. Sijui aliwezaje. Nimekataa kulia. Nimelia kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Mpango! Nimeshinda maktaba mpaka macho yakaniuma. Ukoo wa kushoto ulikuwa na kipezi, ukakipoteza. Basi papa wa Baba ni babu yao! Kabla ya kupoteza! Nikamwendea Bi Daktari kifua mbele.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu huyu mama, na hilo ndilo linaloudhi. Akasema babu hafanani na mjukuu mpaka madoa ya ubavuni. Akasema hata hivyo, nimletee ushahidi wa jiwe. Papa hana mifupa, ana gegedu tu. Akifa anaoza, yanabaki meno. Wataalamu wenyewe wanasumbuka kusoma historia ya ukoo mzima kwa meno. Nikauliza kama meno ya plasta yanafaa. Hayafai.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mlinzi wa mlangoni. Alisikia yote. Kawatangazia wafagiaji kwamba nimepeleka posa nikakataliwa.

Jumatano, 6 Machi

Mfa maji haachi kutapatapa. Mmoja mwenye kipezi ni kosa. Je, wakiwa nacho wote? Ni ukoo! Nimefinyanga vipezi vya plasta, kimoja kwa kila papa wa kushoto. Saa ya chakula, ukumbi mtupu, nikapanda. Shemeji alishika ngazi kwa sharti nimwachie kiti changu chenye mto. Nikabandika kimoja kimoja. Papa bapa, yule anayelala mchangani, alionekana kama amekalia kitu. Lakini kwa mbali, safi kabisa. Kopo la gundi liliandikwa hukauka upesi. Uongo mtupu!

Bi Daktari karudi na kikombe cha chai. Akasimama chini ya papa bapa. Kipezi kikaingia kikombeni, chubwi! Hakupiga kelele. Alikitoa kwa kijiko, akakigeuza, akasema maumbile yalichukua mamilioni ya miaka kukiondoa, na mimi nimekirudisha kwa saa ya chakula. Shemeji akasema yeye alidhani tunafuta vumbi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ili kubadilisha mazungumzo, nikauliza lile pengo lililo kando ya papa bapa ni la nani. Kasema ni la papa mwenye pua ndefu kama msumeno. Sanamu yake imeagizwa, itachelewa, mtu asipajaze. Aliposema mtu, alinitazama mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimebandua vipezi vyote. Aibu.

Mpango wa mwisho: nikikate cha Baba. Akiwa hana, ni wa kushoto halisi, anabaki. Inaniuma, lakini bora papa asiye na kipezi kuliko uji wa plasta. Nikapanda na msumeno. Nikakwaruza rangi kwanza. Si plasta! Ni mti. Mti uliochongwa ovyo, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba, hata msasa haukupita. Baba hakuwahi kulipua kazi. Baba aliyesugua jicho la samaki asubuhi nzima! Baba ambaye aproni yake ilikakamaa kwa plasta mpaka ikawa inasimama yenyewe kwenye kona, nami nikawa naiamkia shikamoo.

Nilikaa pale juu nikimkumbuka. Sikuweza kukata. Nikashuka, nikakosa kipandio cha mwisho. Mguu umevimba. Shemeji kacheka kwanza, kisha kanibeba.

Jumamosi, 9 Machi

Mama kafika na viatu vyake vya kutokea. Papa wa Baba bado yuko juu ya mlango, maana wa kumshusha ni mimi, na mimi nachechemea. Mpango pekee uliofaulu, na sikuupanga! Nilitaka kumwambia Mama kwamba Jumatatu anashuka. Nikavisifia viatu.

Mama akainua macho. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ule si ndio mwiko wake!

Bi Daktari akasogea. Mama akamweleza yote, na mimi nimesimama pale kama mshtakiwa. Eti sikuwa nimeanza shule. Nilishinda karakana nikiwakagua samaki chini ya tumbo. Nikaona wengine wana kipezi, huyu hana, nikasema kasahauliwa. Baba akanieleza kwamba huyu kaumbwa hivyo. Nikalia. Akanieleza tena. Nikagoma kula. Kisha nikachukua mwiko wa Mama jikoni, nikauchonga mwenyewe, nikampelekea. Mama anasema Baba aliupima chini ya tumbo la papa, halafu akachanganya gundi. Alimwambia Mama kwamba papa akikosewa hatajua, lakini mtoto atajua.

Kumbe alijua! Alijua yote anayoyajua Bi Daktari, na akabandika. Mimi sikumbuki hata chembe. Nakumbuka mluzi tu. Ningetoa chochote leo niusikie tena! Nimelia mbele ya wageni wote. Shemeji akanipa leso yake. Si safi, lakini alinipa.

Bi Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema kosa ni kosa. Lakini abaki pale pale mlangoni, kati ya koo mbili, na kila anayeingia aulizwe papa huyu ana nini kisicho chake. Mama akaridhika. Akauliza tu kama mwiko utarudi. Hautarudi.

Jumapili, 10 Machi

Jumba limefungwa. Nimetulia. Sina mpango wowote. Nimejifunza: mambo ya koo ni ya wenye elimu, fundi ashike brashi yake. Mchana nimekula kwa Mama, tukamzungumzia Baba mpaka chai ikapoa.

Ila lile pengo, kando ya papa bapa. Limenikaa rohoni. Ndugu zake wote wapo, yeye hayupo. Kasahauliwa, maskini! Na kwani pua ya msumeno ni kazi? Unahitaji mti mmoja tu, mrefu, umenyooka, bapa kidogo mwishoni. Shemeji kakubali kushika ngazi.

Mama kapiga simu sasa hivi. Anauliza kama nimeuona mwiko wake mpya.