Mimi Ni Chui, Mama Mkwe Apende Asipende

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimegundua kwamba mimi ni chui.

Sisemi kwamba nafanana na chui. Ndani kabisa, nyuma ya mbavu, ni chui mwenyewe. Nilikuwa juu ya ngazi namalizia bango la bucha, nikashuka kwa hatua laini mno hata mwenye bucha akaruka na kisu mkononi. Akasema roho ilitaka kumtoka. Mtu wa kawaida akishuka ngazi hamtishi mwenzake kiasi hicho.

Na habari imekuja kwa wakati wake. Mwalimu wa sanaa pale ukumbi wa mtaa ametupa kazi sisi wanafunzi wake wa jioni: kila mtu atafakari ni mnyama gani anayeishi ndani yake, kisha ajichore. Jumamosi mtaa mzima utaalikwa kuangalia. Picha itakayosema kweli kuliko zote itatundikwa juu ya mlango mkuu, mwaka mzima. Nimechora mabango ya nusu ya mtaa huu na hakuna aliyewahi kuinua macho akauliza nani kachora. Nautaka ule mlango.

Kinyozi naye yumo darasani. Anadai yeye ni tai. Mtu anayeogopa kupanda kiti kubadilisha taa, eti tai.

Nyumbani nikatangaza. Mke wangu akauliza kama chui atakula kile chakula kilichobaki mchana. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi, aliniangalia kutoka utosini mpaka kwenye kandambili, akasema hapana, akaendelea kuchambua mchele.

Hapana! Kama vile niliomba ruhusa.

Jumanne, 7 Mei

Mwalimu alisema tukae kimya, tuusikilize mwili, tuuache uende unakotaka. Mwili wangu ulitaka juu ya kabati.

Nilipanda vizuri. Nikalala kifudifudi, mkono mmoja unaning'inia, macho nimeyafumba nusu. Raha isiyo kifani. Damu ilikwenda polepole. Nikaanza kuelewa mambo mengi, kwa mfano kwa nini sipendi foleni. Ndipo mama mkwe akaingia kutafuta shali yake.

Ningefanyaje? Mkwe ni mkwe. Nikamwamkia shikamoo kutoka huko juu. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akavuta shali iliyokuwa chini ya tumbo langu, akatoka na kufunga mlango taratibu, kama anavyofungiwa mgonjwa.

Kushuka hakukuwa rahisi kama kupanda. Mlango mmoja wa kabati sasa umeegemezwa ukutani. Mke wangu hajasema neno, na mimi namfahamu, huko kunyamaza kwake kuna siku yake.

Jumatano, 8 Mei

Nimechora! Asubuhi moja tu, bila kunywa hata chai. Chui mzima, madoa yote, mkia umejikunja, na uso wetu ni mmoja. Nilicheka peke yangu chumbani kwa furaha.

Jioni nikaipeleka darasani, nikaifunua. Kimya. Nikadhani ni hofu.

Kinyozi akauliza kilo ni bei gani.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao, mabega yakitikisika. Nikaitazama picha upya na, Mungu wangu, chui wangu anatabasamu. Amekonyeza jicho. Kichwa kakiinamisha kidogo, kama anayesema karibu mteja, kuna paja na kuna maini.

Kosa ni la mkono. Kwenye kazi ya mabango ya bucha, mnyama lazima atabasamu. Ng'ombe anatabasamu, mbuzi anatabasamu, kuku anatabasamu kuliko wote, maana mteja hanunui nyama ya mnyama mwenye mawazo. Mkono umezoea, siku hizi hauniulizi tena. Unaweka tabasamu wenyewe.

Mwalimu akanituliza. Akasema rangi ni safi na mistari imetulia, ila anamwona chui anayeuza kitu, na mimi hanioni popote. Akaniomba nijaribu tena, Jumamosi bado.

Njiani mwenye bucha akaiona. Ameiomba aitundike dukani. Niliigeuza picha, nikampita.

Alhamisi, 9 Mei

Nimejaribu chui mwenye hasira. Meno nje, masikio nyuma. Mke wangu akasema sasa anatangaza daktari wa meno.

Basi nikaona bora nikamchunguze adui. Ua wa kinyozi umepakana na uchochoro. Nikapanda ukuta wake saa ya mchana, wakati ana wateja, kimyakimya, chui kamili. Nikafika juu. Na hapo juu nikabaki, mguu huku, mguu kule, suruali imenasa kwenye msumari.

Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, wateja wawili nyuma yake wamefungwa vitambaa shingoni. Hakushangaa sana. Alileta ngazi. Ilikuwa ngazi yangu, aliyoiazima tangu mvua za mwaka jana.

Nilipokuwa naning'inia nikaiona picha yake, imeegemezwa kwenye pipa la maji. Tai amekaa juu ya mti mkavu, mabawa yamekunjwa, anaangalia chini kwa woga. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Haukutoka. Kinyozi aliona naangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu utotoni anahisi ana mabawa ambayo hajawahi kuyafungua, na kila anapopanda juu ya kitu anaogopa yatafunguka. Kisha akanishikia ngazi.

Ni picha nzuri. Nimeandika mara moja, siandiki tena.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeamka sina hamu ya kitu. Hata kabati sikuliangalia. Nikakaa jikoni kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Mama mkwe akaniuliza hasa kwa nini chui. Sikufikiri, nikamjibu kwa sababu chui hachekwi na mtu. Likanitoka hivyo hivyo, nikaona haya.

Akasema yeye ananijua tangu nilipokuja kuposa, na mimi ni bata bukini.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ananikosea. Akaendelea kama hakusikia. Akasema natembea mbele ya watu, kifua mbele, nikisema njia nzima, na nisipoijua njia ndipo sauti inapozidi. Akasema pia kwamba binti yake alipolala ndani na homa ile mbaya, ni mimi niliyesimama mlangoni siku zote zile, shingo nje, nikimfokea kila aliyepita na kelele, mpaka mchungaji aliyekuja kumwombea akapitia dirishani. Akasema bata bukini ni ndege wa kuchekwa, sawa, lakini nyumba anayoilinda, mtu haingii ovyo. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nilitoka nimekasirika. Nikafika mbali kabisa, mpaka kona. Nikarudi.

Nikaweka kioo mezani. Nikaweka brashi kwenye mkono wa kushoto, kwa sababu wa kushoto haujawahi kuchora bango la bucha na haujui kutabasamisha mtu. Mistari ikaenda upogo. Shingo ikatoka ndefu, kifua kikavimba, mdomo wazi, na macho, sijui niseme nini juu ya yale macho. Yana kiburi na yana hofu, yote pamoja. Ni yangu. Nilisimama mbele yake nikahisi shingo yangu mwenyewe inarefuka, mabega yanashuka, na kitu kilichobanwa kifuani miaka yote kikaachia. Nikatoa sauti. Sitaiandika hapa, haiandikiki. Nilicheka, nikalia, nikazunguka meza mara kadhaa huku nimetanua mikono.

Mke wangu alichungulia mlangoni. Aliangalia picha, akaniangalia mimi, akaja akanikumbatia na rangi zangu zote.

Jumamosi, 11 Mei

Imetundikwa! Juu ya mlango mkuu!

Mtaa mzima ulikuwepo. Nilipofunua hakuna aliyeuliza kilo. Mtu mmoja akasema taratibu kwamba huyo ni fundi wa mabango kabisa, na wengine wakaitikia. Walinitambua. Kinyozi alikuwa wa kwanza kunishika mkono, na Mwalimu alipotangaza mshindi, ni kinyozi huyo huyo aliyepanda ngazi kuipigilia. Alipanda mpaka juu. Aliposhuka alikuwa anacheka mwenyewe.

Mama mkwe alisema ile shingo ningeiongeza kidogo.

Nimerudi nyumbani katikati ya barabara, kifua mbele, nikieleza njia nzima. Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu. Nimejijua, na sitajisahau tena.

Jumapili, 12 Mei

Nilikwenda ukumbini asubuhi kuitazama tu. Watu wakawa wanaingia bila kuinua macho. Nikasimama mlangoni kuwaelekeza. Mzee mmoja akasema ana haraka. Nikamfuata mpaka ndani nikimweleza juu ya macho. Kijana mmoja akacheka kidogo. Nikamtolea shingo, nikamfokea, akarudi nyuma, nikamkimbiza uwanja mzima huku nimetanua mikono, mpaka akaruka ua wa maua. Mlinzi akaja kuniomba niondoke. Naye nikamkimbiza.

Mchana nimekaa chini, nimejitafakari kwa utulivu, kama tulivyofundishwa. Watu wazima wawili wamenikimbia mbio. Uwanja mzima ulikuwa wangu, hakuna aliyethubutu kuusogelea ule mlango.

Bata gani anaweza kufanya hivyo?

Kesho alfajiri naenda kwa Mwalimu aishushe ile picha. Tumekosea. Mimi ni simba.