Mzingifuri Wangu na Msala wa Wakwe

Jumamosi, 2 Agosti
Bismillahi. Wakwe wa Matambarale wanakuja Ijumaa ya tarehe 15 kumposa mwanangu Zulfa. Bi Rukaiya, mama wa kijana, ameulizia ule msala niliomwahidi msibani, wenye wekundu wa mbegu za mzingifuri wa uani kwangu. Mzingifuri upo. Una majani tisa. Mimi nilimwambia unazaa.

Jumatatu, 4 Agosti
Mbuzi wa jirani yangu Semeni amekula majani saba. Nimekwenda kulalamika kwa adabu. Semeni akasema nimwie radhi mbuzi wake, hakujua kama ule ni mti. Nimesamehe kwa ajili ya Mungu. Bado inaniuma.

Jumanne, 5 Agosti
Nimenunua pakiti ya rangi nyekundu sokoni Nachingwea, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Si uongo, hakuna aliyeniuliza. Semeni kaiona. Akasema, dada, zichemshe sana hizo chane zako za ukindu, la sivyo rangi itatoka. Mwenye mbuzi yule anifundishe nini? Nimetumia maji ya vuguvugu. Mkaa wenyewe kidogo.

Jumatano, 13 Agosti
Msala umekwisha, mzuri. Zulfa kanisaidia kusuka. Mwisho akauliza, mama, wakijua si wataondoka na posa yao? Nikamwambia Mungu ni msitiri. Moyo wangu ulikuwa mzito.

Ijumaa, 15 Agosti
Wamefika. Alasiri mjomba wa kijana, Mzee Harithi, akatawadha, tukamtandikia msala. Aliposalimu na kutugeukia, paji la uso jekundu. Viganja vyekundu. Kanzu magotini, nyekundu. Hakuna aliyecheka. Zulfa akainama.

Bi Rukaiya akanivuta uani. Akautazama sana mzingifuri wenye majani mawili. Akaniambia taratibu, mkwe wangu, pakiti ile hata mimi naitumia, ila nachemsha.

Hapo ningekiri, yakaisha. Nikamwambia huu ni mtoto tu, mama yake uko shambani Chiola, umejaa matunda.

Kisha akaniomba mbegu.

Posa haikuvunjika, alhamdulillahi.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimetubu baada ya alfajiri, nikalia kidogo. Halafu nimetia punje za mtama kwenye rangi iliyobaki, ndizo mbegu za kumpelekea Bi Rukaiya. Safari hii nimechemsha sana. Rangi haitatoka. Wala hazitaota, kwa hiyo hakuna atakayejua.